Mwongozo kamili: jinsi ya kuzuia msimbo wako usiliwe na AI kwenye GitHub, GitLab na kwingineko

Kama una repo (hifadhi ya msimbo wa mradi) hata moja kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi misimbo, ambayo iko wazi kwa kila mtu, chukulia tu kwamba imeshasomwa na modeli za AI, tena si modeli moja. GitHub Copilot, msaidizi wa AI wa kuandika msimbo, ilianza kujaribiwa mwezi wa 6 2021 ikiwa imejengwa juu ya modeli ya Codex ya OpenAI, na Codex yenyewe ilifunzwa kwa misimbo ya wazi iliyokuwa imejaa GitHub, bila madevelopa wenye kazi zao kuulizwa kwanza. Mwezi wa 11 2022 baadhi yao wakaenda mahakamani San Francisco kuwashtaki GitHub, Microsoft na OpenAI, na kufikia 2024 jaji alikuwa ameshatupa sehemu kubwa ya madai yao, yakabaki machache ya kuvunja masharti ya leseni, kesi ikapanda mahakama ya rufaa. Sasa wewe uliyeko Mwanza au Nakuru unayeandika mfumo wa stoo ya mteja usiku kucha, ukikaa kusubiri mahakama ya Marekani ikulinde utasubiri sana. Kinga inabidi uiweke mwenyewe, na nyingi haina gharama.

Kabla ya kubonyeza chochote elewa msimbo unatokaje, maana hapa ndo watu wengi wanakosea hesabu. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni repo ya wazi, hiyo mtu yeyote duniani anaivuta bila kulogini, iwe kampuni, mtafiti, au roboti ya kuvuna data. Ya pili ni huyo anayekuhifadhia, yaani masharti uliyokubali siku unafungua akaunti pamoja na zana zake za AI. Ya tatu ni mkono wako mwenyewe: edita yenye msaidizi wa AI na zile chati unazobandika faili nzima ukiuliza "hapa kosa liko wapi". Watu wanahangaika sana na ya kwanza, wanafanya repo praiveti, wanalala, kesho yake asubuhi wanabandika msimbo uleule kwenye chati ambayo swichi ya mafunzo imewashwa. Kwa hiyo usiniruke hatua ya nne huko chini, hata kama nyingine unazijua.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Usianze kufunga kabla hujajua nini kiko nje. Kama una ile programu ya GitHub ya terminali, andika hivi:

gh repo list --visibility public --limit 200

Itakuletea repo zako zote za wazi, na nakwambia utakuta vitu umeshasahau, mradi wa chuo, jaribio la mwaka juzi, kazi ya mteja uliyoiweka wazi ili mwenzako aione haraka ukasahau kuirudisha. Zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kazi za wateja, hizo hazitakiwi kuwa wazi hata dakika moja labda mteja mwenyewe awe amekubali kwa maandishi. Fungu la pili ni zako unazotegemea zikuingizie hela. La tatu ni za kuonyesha watu, potifolio, vifaa vidogo vidogo unavyogawa bure, na hizo zinaweza kubaki wazi ukijua kabisa kwamba zitasomwa.

Ukiwa hapohapo angalia funguo za siri. Hii haihusu AI peke yake lakini modeli ikishakula faili lenye ufunguo hakuna mtu wa kumwambia autapike. Wengi wetu tunaunganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu, na vile vitu vitatu, consumer key, consumer secret na passkey, vinaishia kuandikwa moja kwa moja ndani ya faili kwa sababu ilikuwa usiku na mteja anataka demo asubuhi. Ingia kwenye folda ya mradi uandike:

git log --all -p -S "passkey"

Git itakuonyesha kila komiti (badiliko lililohifadhiwa) ambayo neno hilo liliingia au lilitoka, hata kama leo halipo tena kwenye faili. Rudia kwa "secret", "password" na "token". Ukikuta kitu, cha kwanza ni kwenda kwa mtoa huduma ukaufute ule ufunguo na kutengeneza mpya. Kusafisha historia kwa git filter-repo kunakuja baadaye, maana kama repo ilikuwa wazi ule ufunguo wa zamani uhesabu kwamba umeshaibiwa.

Hatua ya pili: praiveti, lakini kwa njia sahihi

Zamani watu walikuwa na sababu ya kuacha vitu wazi kwa sababu repo praiveti GitHub zilikuwa za kulipia. Hiyo imeisha, tangu mwezi wa 1 2019 akaunti ya bure inaruhusu repo praiveti, na tangu mwezi wa 4 2020 unaongeza wenzako bila kikomo. GitLab pia zipo bure, ila kundi praiveti la bure kule linaishia watu 5.

Kubadilisha ni rahisi: fungua repo, nenda Settings, shuka mpaka chini kabisa kwenye "Danger Zone", bonyeza "Change visibility", chagua private, itakutaka uthibitishe. Utapoteza nyota na watu waliokuwa wanaifuatilia. Hilo dogo.

Kubwa ni forki, yaani nakala za repo yako ambazo watu wengine wanajitengenezea. Ukifanya repo yako praiveti, forki za wazi ambazo watu walishazichukua zinabaki wazi, zinajitenga na yako tu zinaendelea na maisha. Alafu kuna jambo ambalo kampuni ya Truffle Security ililiandika 2024 na wengi bado hawalijui: GitHub inahifadhi repo mama na forki zake zote kama mtandao mmoja, kwa hiyo komiti iliyowekwa kwenye forki moja inaweza kufikiwa kupitia repo nyingine ya mtandao huohuo, hata ile forki ikishafutwa, ilimradi mtu anaijua heshi ya komiti, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu. Na si lazima aijue yote, GitHub inakubali heshi fupi, na heshi fupi mtu anaweza kubahatisha kwa programu. Kuna na hii: ukiwa na repo praiveti, ukatengeneza forki yake praiveti ya kuweka vitu vya ndani vya kampuni, halafu siku moja ukaifungua ile repo mama iwe wazi, zile komiti ulizofanya kwenye forki kabla ya kufungua zinaweza kuonekana nje. GitHub walishasema mfumo umeundwa hivyo, haihesabiki kama kosa.

Na mwaka 2025 kampuni nyingine, Lasso Security, ilionyesha kwamba repo zaidi ya 20,000 ambazo wenyewe walikuwa wameshazifanya praiveti bado zilikuwa zinasomeka kupitia Microsoft Copilot, ile chati ya AI ya Microsoft, kwa sababu Bing, injini yao ya utafutaji, ilikuwa imehifadhi kurasa zake zilipokuwa wazi. Zilikuwa wazi kwa muda tu, zikafungwa, lakini nakala ikabaki mahali.

Kwa hiyo ushauri wangu, na hapa sibembelezi mtu: kwa msimbo wa maana usiigeuze repo ya zamani. Tengeneza repo mpya kabisa, praiveti tangu sekunde ya kwanza, isiyo forki ya kitu chochote, kisha kutoka laptopu yako pushi (pandisha) kule:

git remote add mpya git@github.com:jinalako/mradi-mpya.git
git push mpya --all
git push mpya --tags

Ukishahakikisha kila kitu kimefika, futa ile ya zamani. Zilizokwisha kutoka zimetoka, hilo hulirudishi, lakini kila komiti utakayoandika kuanzia leo haina uhusiano na ule mtandao wa forki.

Hatua ya tatu: swichi za Copilot

Bonyeza picha yako juu kulia, Settings, kisha Copilot upande wa kushoto. Mpangilio wa ukurasa huu wanaubadilisha mara kwa mara kwa hiyo usitafute mahali nilipoelekeza, tafuta maneno. Swichi unayoitaka ni ile inayotaja "AI model training", sentensi yake huwa "Allow GitHub to use my data for AI model training". Weka Disabled. Ukiona na nyingine inayozungumzia vipande vya msimbo kutoka kwenye edita yako kutumika kuboresha huduma, nayo zima.

Sasa kuna swichi mbili hapa zinawadanganya watu. Moja inaitwa "Suggestions matching public code". Hiyo ukiiweka Block inazuia Copilot isikuletee wewe mapendekezo yanayofanana na msimbo wa wazi wa watu wengine. Ni nzuri, iweke, lakini haifanyi chochote kuzuia msimbo wako usisomwe. Ya pili ni "Content exclusion", ipo kwa waliolipia Copilot Business na Enterprise, unaorodhesha faili au folda ambazo Copilot isizitumie inapotoa mapendekezo. Nayo ni nzuri kwa mfano kwa faili za mishahara, ila kazi yake ni kumzuia msaidizi asilisome faili wakati unafanya kazi. Mambo ya mafunzo ya modeli ni sharti la mkataba, na mkataba wa Business na Enterprise unasema data ya wateja hao haitumiki kufundisha. Akaunti ya mtu binafsi ndo inayotegemea swichi.

Na swichi ni ya mtu, haiko kwenye repo. Hili lisome taratibu. Mko watano kwenye mradi, wanne mmezima, mmoja ana Copilot yake ya bure na hajawahi kufungua ule ukurasa. Faili lilelile mnaloandika wote linapita kwake. Kwa hiyo kikao cha dakika kumi, kila mtu afungue ukurasa wake hapohapo mbele ya wenzake, azime, mmalize. Naona aibu ya dakika kumi ni bora kuliko kumwambia mteja baadaye kwamba hamkuwa na uhakika.

Hatua ya nne: edita na chati, ambako msimbo unatokea kweli

Repo inaweza kuwa imefungwa vizuri kabisa, praiveti, kwenye seva yako, na bado msimbo ukatoka wote kupitia hapa, tena ukiwa safi zaidi, maana ukibandika kwenye chati unaweka na maelezo ya kazi yake, kosa lilipo na namna lilivyorekebishwa, kitu ambacho kwa mtu anayefundisha modeli kina thamani kuliko faili tupu.

ChatGPT: Settings, Data controls, zima "Improve the model for everyone". Claude: Settings, Privacy, zima "Help improve Claude". Gemini: nenda sehemu ya Activity ya akaunti yako uizime kule. Cursor: washa "Privacy Mode". JetBrains, kampuni ya kutengeneza edita, nao mwaka 2025 walitangaza kukusanya data kwa ajili ya mafunzo, na kwa wale wanaotumia leseni za bure zisizo za biashara ilikuja ikiwa imewashwa tayari, kwa hiyo wanafunzi na wanaojifunza mkiwa na WebStorm, Rider au CLion ya bure ingieni setingi mtafute sehemu ya Data Sharing. Msisahau viendelezi vya VS Code, kile ulichoinstoli mwaka jana kwa sababu kilikuwa bure na kina nyota nyingi, fungua masharti yake usome pale panapotaja data, na kama hapasemi kitu wazi kitoe.

Kama unatumia modeli kupitia API (mlango wa programu kuongea na programu) au akaunti za kibiashara hali ni nafuu. OpenAI kwa mfano tangu tarehe 1 mwezi wa 3 2023 haitumii data ya API kufundisha isipokuwa wewe mwenyewe uamue kuwapa. Kuna developa wengi wanalipia akaunti binafsi ya kila mwezi wakidhani kulipa ndo kinga. Siyo. Kulipa na kuzima swichi ni vitu viwili tofauti, akaunti binafsi ya kulipia bado inatakiwa uizime kwa mkono.

Kwa kazi ambayo haitakiwi kutoka kabisa, endesha modeli kwenye mashine yako. Instoli Ollama, kisha:

ollama run qwen2.5-coder:7b

Itashusha kama GB 4.7, kwa hiyo subiri ukiwa kwenye Wi-Fi usije ukamaliza bando la wiki, na laptopu iwe na RAM ya GB 8 kwenda juu. Baada ya hapo zima intaneti kabisa ukipenda, inafanya kazi. Haifikii zile kubwa za mtandaoni, hilo niseme ukweli, kwenye tatizo refu lenye faili nyingi inapotea. Lakini kuandika fankisheni, kueleza kosa, kutengeneza majaribio, inatosha, na hakuna mstari hata mmoja unaotoka kwenye chumba chako.

Hatua ya tano: jitoe kwenye The Stack

Hii ni moja ya hazina chache za data za mafunzo ambazo zinakuruhusu kuangalia kama umo na kuomba utolewe, kwa hiyo itumie. The Stack ilitolewa 2022 na mradi wa BigCode, ambao ni wa Hugging Face (tovuti ya modeli na data za AI) na kampuni ya ServiceNow, toleo la pili likaja 2024 likiwa limejengwa juu ya hifadhi ya Software Heritage, ile taasisi iliyoanzishwa Ufaransa na Inria ambayo inakusanya misimbo ya wazi ya dunia nzima. Modeli za StarCoder zilifunzwa humo.

Nenda Hugging Face utafute "Am I in The Stack". Chagua toleo, weka jina lako la GitHub, itakuorodheshea repo zako zilizomo. Kwa wengi orodha hiyo ndo mara ya kwanza kuona kwa macho kwamba jambo hili linawahusu, jina lako pale, na ule mradi wako wa chuo. Chini yake kuna maelekezo ya kujitoa, unapelekwa kufungua tiketi kwenye repo yao ya maombi GitHub, ukiwa umelogini kwa akaunti yako ili wajue ni wewe kweli. Fanya kwa kila toleo uliloona jina. Unatolewa kwenye matoleo yanayokuja, modeli iliyokwisha kufunzwa haisahau. Kampuni kubwa zenye hazina zao za siri hazina ukurasa wa namna hii.

Hatua ya sita: kuhama

Kuna wanaouliza kwa nini tusihame wote. Mwaka 2022 shirika la Software Freedom Conservancy lilianzisha kampeni ya kuwashawishi watu waache GitHub, na sababu mojawapo ilikuwa Copilot. Kuhama kunawezekana, ila kuhama kwenda wapi inategemea msimbo wenyewe.

Codeberg ni ya chama kisicho cha faida kilichopo Berlin, inaendeshwa kwa programu ya Forgejo, hawana biashara ya kuuza AI. Naipenda. Lakini ni kwa ajili ya programu huria, kwa hiyo kazi ya mteja iliyofungwa usiipeleke kule, utakuwa unavunja masharti yao. Na kuwa Codeberg haimaanishi roboti haziji, zinakuja sana, wamekuwa wakipambana nazo mpaka seva zinalemewa. SourceHut, tovuti nyingine ya kuhifadhi misimbo, nao hivyohivyo, mwanzilishi wake Drew DeVault aliandika 2025 kwa hasira kabisa jinsi muda wake wa kazi unavyoliwa na roboti za AI zinazopekua kila komiti ya kila repo, zikibadilisha anwani za IP zisizuilike.

Kwa kazi za wateja mi nasema seva yako. VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ndogo ya bei ya chini kabisa inatosha. Na huhitaji hata tovuti juu yake, Git yenyewe inaongea kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva. Kwenye seva, ukiwa na mtumiaji anaitwa git:

git init --bare /home/git/mradi.git

Kisha kwenye laptopu:

git clone --mirror git@github.com:jinalako/mradi.git
cd mradi.git
git push --mirror git@seva-yako:/home/git/mradi.git

Kwenye ile folda unayofanyia kazi kila siku badilisha tu anwani:

git remote set-url origin git@seva-yako:/home/git/mradi.git

Basi. Mwenzako unampa ufikiaji kwa kuongeza ufunguo wake wa SSH kwenye authorized_keys. Hakuna ukurasa wa wavuti, kwa hiyo roboti haina hata cha kugonga. Kwa watu wawili watatu sijaona kitu kizuri kuliko hiki.

Mkiwa wengi mnataka tiketi, kupitia kazi za wenzenu na kadhalika, wekeni Forgejo. Ina maelekezo ya Docker yanayoeleweka. Baada ya kuiwasha fungua app.ini, kwenye Docker ya kawaida huwa /data/gitea/conf/app.ini, hakikisha sehemu hii iko hivi, kisha washa upya:

[service]
DISABLE_REGISTRATION = true
REQUIRE_SIGNIN_VIEW = true

Mstari wa kwanza unazuia wageni wasijisajili, wa pili unafanya mtu asione chochote bila kulogini, hata repo iliyoandikwa ni ya wazi. Watu wanausahau huu wa pili. Wanaweka Forgejo, wanaitangaza kwenye subdomeni, baada ya wiki seva inakoroma kwa sababu roboti zinapitia kila ukurasa wa historia, na hapo si swala la mafunzo tu, na bandwidth inalipiwa.

Bakapu ni juu yako sasa, hakuna wa kumlilia. Kila wiki:

git bundle create mradi.bundle --all

Faili moja lenye historia yote, nakili kwenye flashi au diski ya nje, na ukitaka kulirudisha unalikloni kama repo ya kawaida.

Ukiwa huwezi kumudu seva na GitHub ndo ulichonacho, kuna git-remote-gcrypt, inafunga kila kitu kwa usimbaji wa GPG kabla hakijatoka kwako, GitHub inabaki kuona takataka zisizosomeka. Gharama yake ni kwamba kila pushi inapandisha historia nzima upya na ni ya lazima, anayepushi wa mwisho anaweza kufuta ya mwenzake. Kwa mtu mmoja na mradi mdogo, sawa. Kwa timu, hapana.

Hatua ya saba: kile kinachobaki wazi

Kwa vya wazi huna kufuli, una vizuizi vya kupunguza kasi tu. Kwenye github.com yenyewe robots.txt, faili linaloziambia roboti zisiguse nini, ni ya GitHub, wewe huigusi, kuweka faili la jina hilo ndani ya repo yako hakufanyi kitu. Inafanya kazi kwenye seva yako au kwenye tovuti ya GitHub Pages ya jina lako, ikikaa kwenye mzizi wa tovuti:

User-agent: GPTBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: CCBot
User-agent: Google-Extended
User-agent: Applebot-Extended
User-agent: Meta-ExternalAgent
User-agent: Bytespider
Disallow: /

CCBot ni ya Common Crawl, shirika linalokusanya kurasa za mtandao, usiiache, kwa sababu kampuni nyingi zinachukua data kule bila kutuma roboti yao. Google-Extended si roboti, ni jina tu Google wanaloangalia kujua kama umekataa mafunzo, haitakutoa kwenye matokeo ya utafutaji. Na robots.txt yote ni ombi, mwenye adabu anaheshimu, asiye na adabu anapita. Kwa hao wa pili kuna Anubis, programu ya Xe Iaso ya mwaka 2025, inakaa mbele ya tovuti na kuifanya brauza ya mgeni ipige hesabu kidogo kabla ya kuingia, mtu mmoja hata hahisi lakini anayevuta kurasa milioni anaumia. Codeberg na SourceHut wote waliiweka. Mwaka huohuo Codeberg wakasema baadhi ya roboti zimeshajifunza kupiga hizo hesabu, kwa hiyo iweke ukijua itasaidia kwa kiasi.

Kuhusu leseni niwe mkweli. Usipoweka leseni maana yake haki zote ni zako, ila kwa kuweka wazi GitHub umeshawaruhusu watumiaji wengine kuutazama na kuufoki humo ndani. Kuongeza sentensi ya "hairuhusiwi kufundisha AI" kwenye leseni ya MIT kunaitoa kwenye programu huria, maana tafsiri ya OSI, shirika linalosimamia maana ya programu huria, hairuhusu kubagua aina ya matumizi. Kampuni za Marekani zinajitetea kwamba mafunzo ni matumizi halali hata bila leseni yako. Ulaya kuna nafuu, maelekezo ya hakimiliki ya 2019 kifungu cha 4 yanampa mwenye kazi nafasi ya kukataa kuchimbwa data kwa njia ambayo mashine inasoma, kwa hiyo hata ile robots.txt ina uzito zaidi huko.

Panaponisaidia mimi zaidi ni mkataba na mteja, maana huo unakubana wewe na timu yako ambao mnaweza kushikwa. Naweka kifungu kama hiki: "Mtengenezaji hatapakia msimbo wa mradi huu, wote au sehemu yake, kwenye huduma yoyote inayotumia data ya mteja kufundisha modeli za akili mnemba, na atahakikisha kila anayefanya kazi chini yake amezima matumizi hayo kwenye akaunti yake." Wateja wakubwa wanakipenda, wadogo wanauliza maana yake, unawaeleza.

Mwisho: jaribu kama mgeni

Usiamini swichi kwa sababu imegeuka rangi. Kwenye mashine ambayo haijawahi kulogini kwenye akaunti yako andika:

git ls-remote https://github.com/jinalako/mradi.git

Ikikuomba jina na paswedi, iko praiveti kweli. Ikikuletea orodha ya heshi, iko wazi. Kwa Forgejo yako jifanye roboti:

curl -I -A "GPTBot" https://git.tovutiyako/jinalako/mradi

Unachotaka kuona ni kuelekezwa kwenye /user/login. Ikirudi 200, mstari wa REQUIRE_SIGNIN_VIEW haujashika, mara nyingi ni kwa sababu hukuwasha upya au umehariri app.ini isiyo yenyewe. Rudia majaribio haya kila mtu mpya anapoingia kwenye timu, na kila imeli ya "tumebadilisha masharti yetu" inapoingia, ile ambayo huwa tunaifuta bila kuifungua, ifungue, tafuta neno "training" ndani yake, halafu rudi kwenye ukurasa wa swichi uangalie kama bado ziko ulivyoziacha.